Sanamu Isiyochongwa Jina

Sanamu ya shaba ilitoka jasho asubuhi, kabla tanuru halijawashwa. Tatrifi aliifuta kwa kitambaa, na kitambaa kikanuka nywele zilizoungua.

Hakupenda hata kidogo. Alikuwa amekulia katika karakana ile ya hekalu la mji wa Akhmimu, akivuta moshi wa kiberiti tangu utotoni, na kazi yake ilikuwa kuitia shaba rangi ya dhahabu mpaka sonara akodoe macho. Harufu za shaba alizijua zote. Ile haikuwamo.

"Hatresi," alimwita mumewe, kuhani wa hapo. "Umeifanya nini hii?"

"Nimeifungua kinywa jana."

"Kabla haijachongwa jina?"

"Mchongaji anaumwa, mke wangu, na sikukuu ndiyo hiyo imetukaba. Nikasema jina litafuata."

Tatrifi alikaa chini, pu! Jina huchongwa kwanza, ndipo tezo takatifu iguse midomo ya sanamu, ili aingie mungu aliyeitwa na si mwingine. Hatresi alikuwa ameacha mlango wazi, kisha akaenda zake kula vitunguu.

"Sasa aliyeingia ni nani?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Hatresi? Nasema nawe, Hatresi!"

Mumewe aligeuka polepole. "Unamwita nani?"

Kufika adhuhuri Hatresi alikuwa amelisahau hata jina la mama yake, na makuhani wenzake waliokuwa wakipita mlangoni walimwita "wewe hapo", kana kwamba hawakuwahi kumjua. Mtu aliyepotewa na jina, siku akifa, huko waliko wafu hapokelewi na yeyote, na mkewe hamwoni tena milele.

Ndipo midomo ya shaba ilipotikisika, harufu ya nywele ikajaa chumba kizima, na sauti ikatoka mle kifuani mwa sanamu, sauti ya Hatresi yenyewe, na ule ukwaruzo wake wa asubuhi, ikisema taratibu kama mtu anayebembeleza mtoto: "Tatrifi, wewe unapaka rangi tu, mimi nitakupa dhahabu ya kweli, ya njano mpaka ndani, ambayo babu zako waliitafuta wakafa hawajaiona. Niachie jina lake. Sema ndiyo."

"Koma!" Alisimama. "Mzembe huyu, mkoromaji huyu, ni wangu. Huna chako hapa, jini wee!"

Alikumbatia sanamu, akaisukumiza kwenye tanuru.

"Kuyeyusha kilichofunguliwa kinywa ni kumuua mungu," mumewe alinong'ona. "Watatuua."

"Humo hamna mungu. Vukuta!"

Hatresi akaishika mivukuto, akavukuta huku analia, na kadiri moto ulivyopanda ndivyo sauti yake mwenyewe ilivyozidi kupiga mayowe ndani ya tanuru, mke wangu naungua, mke wangu nitoe, na Tatrifi akaziba masikio kwa vitambaa vilivyoloweshwa, akaendelea kutupa makaa mpaka uso ukalegea, midomo ikamwagika, kukawa kimya.

Bonge lilipopoa alilikata kwa patasi. Lilikuwa la njano mpaka ndani.

Jini lilikuwa limelipa, nalo halilipi bure. Alimtazama mumewe, na mumewe akamtazama kama mgeni aliyeingia nyumba isiyo yake.

Tatrifi alilibeba bonge mpaka mtoni, mbele ya makuhani waliokuwa wakipiga kelele, akalitupa kwenye kina.

"Chukua chako!" aliyapigia maji ukelele. "Mimi sikuuza!"

Maji yalichemka kidogo, yakatulia. Mwanamume aliyemfuata alisimama kando yake, haya zimemshika.

"Ile dhahabu ilikuwa ya nani, mama?"

"Ya mwizi."

"Na mimi ni wa nani?"

"Wangu. Unaitwa Hatresi. Tukifika nyumbani nitakuuliza, na ukikosea nitakwambia tena, na kesho tena, mpaka huyo aliyekuiba achoke yeye."