Mstari wa Masale

Violet hakupenda bustani iliyonyooka. Alikuwa amezichoka zile za mjini, nyasi zimenyolewa, maua yamesimamishwa mstarini kama watoto wanaosubiri kukaguliwa kucha. Alipohamia Olmotonyi, kwenye miteremko ya Mlima Meru, na mumewe Elimringi, mwenye duka la vipuri kule Daraja Mbili, aliamua kupanda kama mlima wenyewe unavyopanda: kirefu nyuma ya kifupi, hiki kimeegemea kile, na penye nafasi pajijaze penyewe. Dalia ziliota katikati ya rozimari. Mawaridi yaliupanda mparachichi. Majani marefu ya kando ya korongo aliyaacha yayumbe yanavyotaka, na njia aliipinda hadi mtu asione inakoishia.

Majirani walimcheka. Nasieku, mama wa Kiarusha aliyemletea maziwa jikoni kila asubuhi, aliuliza kama mbuzi wake nao wamealikwa, maana yeye aliona pori tu. Violet alicheka naye, mwanawe mchanga Derick akiwa amelala mgongoni mwake.

Kitu kimoja kilimharibia picha. Kule chini, karibu na korongo, palikuwa na mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu, umenyooka kama uliopimwa kwa kamba. Violet ni Mchaga wa Machame, na kwao isale likipandwa mstarini ni mpaka. Lakini mawe ya wapima ardhi yalikuwa mbele zaidi. Basi ule ni mpaka wa zamani, akajiambia, haumlindi mtu tena. Akayang'oa yote mchana mmoja, akayatawanya katikati ya maua, moja hapa, jingine kule.

Yalishika upesi. Upesi mno.

Binti yake Aika alimsaidia kubeba. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza darasa la kwanza, jino la mbele linacheza, na wiki ile alikuwa amejua kufunga kamba za viatu. Alizifunga kwa namna yake: kitanzi chini, kamba inazunguka mara mbili, kisha anainama na kukaza kwa meno. Violet alimrekebisha hadi akachoka. Nyumbani wakaliita fundo la Aika.

Mvua zikanyesha, bustani ikasongamana. Kila akirudi shule, Aika aliingia humo kucheza, na kutoka jikoni Violet alimsikia akiongea, kisha akinyamaza kama anayejibiwa. Siku moja alimuuliza anaongea na nani. Aika alisema anamfundisha yule wa kule chini kufunga kamba.

"Hana viatu, mama. Anataka tu kujua."

Violet alitabasamu. Watoto wana marafiki wa namna hiyo, na umri ukisogea huwaacha.

Jumamosi moja asubuhi alikuta jani la isale kizingitini, limefungwa fundo.

Moyo wake ulilainika. Tangu msiba wa mama mkwe alikuwa hasemezani na wifi yake Marta, kwa maneno yaliyotamkwa mbele ya wageni. Na Wachaga wanajua: aliyekosa hutuma isale, na aliyeletewa hakatai, wala hadai maelezo. Akadhani mjumbe anaona aibu, amejibanza nyuma ya maua. Akaliokota jani na kusema kwa sauti ili asikike:

"Nimesamehe. Yameisha."

Maua yakaachana na kukutana tena, kama mtu anapopita katikati. Upepo haukuwepo.

Alimpigia Marta kumshukuru.

"Wifi, isale gani? Mimi nilikuwa nangoja la kwako."

Violet akalitazama jani mkononi. Kitanzi kilikuwa chini. Lilikuwa limezungushwa mara mbili. Na penye fundo palikuwa na alama za meno madogo.

Akamwita Aika.

"Niko hapa, mama." Sauti ilitoka kwenye dalia.

Akaenda. Hapakuwa na mtu.

"Niko hapa." Sasa ilikuwa kwenye mawaridi.

Akakimbia. Njia aliyoipinda mwenyewe ilimrudisha mlangoni. Akaingia tena. Ikamrudisha tena.

Elimringi alikuja na majirani, na mapanga. Walifyeka dalia. Walifyeka rozimari. Walikata kila kitu kilichosimama, hadi ukungu wa Meru uliposhuka ukakuta udongo mtupu, kiwanja kizima kikionekana kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na mahali pa kujificha hata kuku.

"Niko hapa, mama."

Katikati yao. Chini, usawa wa goti. Wote walisikia.

Nasieku alikuwa ameduwaa, anatazama kule korongoni. Akauliza taratibu masale yamekwenda wapi. Violet akamwambia. Yule mama akaketi chini palepale kwenye udongo. Akaeleza kwamba pale aliishi zamani mzee mmoja wa Kichaga, na mjukuu wake alipotea mchana, karibu na korongo. Baadaye mzee akawa analetewa jani mlangoni. Hakulipokea hata mara moja. Kila lilipokuja alilipeleka kule chini, akalichomeka ardhini, hakusema neno. Ndivyo mstari ulivyoota.

"Yeyo, kwetu isale halikataliwi," Violet alinong'ona, akimwita mama kwa Kiarusha.

"Alijua, mwanangu. Alikuwa wa kwenu." Nasieku hakumtazama. "Alikuwa analia, lakini anakataa."

Polisi walikuja, wakashuka korongoni na kupanda. Kanisani waliomba. Marta alihamia pale, wakawa wanalala chumba kimoja kama dada. Aika hakuonekana. Katika udongo ule hakikuota tena chochote, isipokuwa masale. Na siku moja yalikutwa kule chini, yamesimama mstarini.

Jani la kwanza lilikuja baada ya mvua. Lilikuwa na fundo la Aika.

Violet alipiga magoti mbele ya jani hilo, Derick mgongoni. Kama ni Aika anayeomba kurudi, kukataa ni kumfungia mwanawe mlango. Kama ni yule aliyefundishwa kufunga, basi safari hii anaombea msamaha jambo gani ambalo bado hajalitenda? Aliisikia pumzi ya mtoto shingoni mwake. Akaliokota jani bila kusema neno. Akalipeleka kule chini. Akalichomeka.

Tangu hapo yanakuja. Naye hulia, na hukataa. Marta amemsihi wahame, lakini Violet hutikisa kichwa. Atahamaje, na majani yanaletwa kwenye kizingiti hiki?

La juzi alilitazama kwa muda mrefu kabla ya kulichomeka. Fundo lilikuwa lilelile. Alama za meno zilikuwa zilezile, ila safari hii, pale mbele, penye jino lililokuwa likicheza, kulikuwa na pengo.