Mungu Hakushika Usukani

Ndugu zangu, arusi ile ya Nundu ilipendeza. Kwaya ya akina mama iliimba mpaka bibi arusi akalia. Dorothée, mama yake Divine, ndiye aliyeimbisha, na mumewe Wilfried alipiga gitaa.

Saa kumi wakaanza kupanda kamioneti ya kanisa warudi Baraka. Dereva, shemasi Henri, alitokea nyuma ya nyumba akipangusa midomo. Alipomsalimia Dorothée, harufu ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, ilimpiga usoni. Kanisani kwao pombe imekatazwa, kwa hiyo hakuna anayekunywa. Na kwa kuwa hakuna anayekunywa, hakuna wa kuambiwa aache.

Wilfried akamnong'oneza mkewe, "Acha. Ni mutumishi wa Mungu."

Dorothée akanyamaza. Akapanda.

Hawakufika mbali. Kwenye kona ya mteremko gari lilipinduka, na Wilfried akafa papo hapo.

Makaburini, mchungaji Patrice alisema, "Ni mpango wa Mungu. Tusiulize."

Waumini wakaitika amina. Dorothée hakuitika.

"Hapana, Pasteri. Mungu hakunywa kasiksi. Mungu hakushika usukani. Ni Henri."

"Mama Divine, nyamaza! Unapatisha kanisa haya."

"Haya iko ndani ya hili shimo. Mi nilisikia harufu, nikapanda. Na ninyi mulisikia. Tulimuua sisi bote, juu ya heshima."

Mnajua wazee wa kanisa walifanya nini? Walimsimamisha Dorothée kwenye kwaya miezi sita. Henri walimwombea, na gari lilipotengenezwa wakamrudishia ufunguo.

Wiki tatu baadaye kwaya ilialikwa Fizi. Alfajiri akina mama walikuwa wameshakaa garini Dorothée alipofika, kitambaa cha kilio kichwani, akasimama mbele ya mlango wa dereva.

"Henri, nipulizie usoni."

"We mama, toka hapa!"

"Pulizia, ao unikanyage na mimi."

Henri aliinamisha kichwa, akafunga mdomo. Mama Aline, mzee kuliko wote, akashuka. Wa pili akafuata, kisha gari zima likabaki tupu. Mchungaji alipaza sauti, hakuna aliyegeuka. Walikwenda Fizi kwa miguu, wakafika jua limezama, wakaimba hivyo hivyo na vumbi lao, na aliyewaimbisha ni Dorothée.

Kwaya haikupanda tena gari hilo mpaka wazee walipomnyang'anya Henri ufunguo. Leo anautunza Mama Aline. Dereva yeyote humpulizia kwanza, hata awe mchungaji.

FUNZO

Kumfichia mtumishi wa Mungu pombe yake si heshima. Ni kumsaidia kuua. Ukisikia harufu, sema. Ukikatazwa kusema, shuka garini. Na tusimsingizie Mungu vifo tulivyovileta wenyewe kwa kufunga midomo.