Uliliamini Gari, Mimi Hukuniamini

"Weka chini."

Mwokaji alidhani hajasikia vizuri. Bega lake lilikuwa tayari chini ya jeneza la mama mkwe wake, yeye na wanaume wengine wa ukoo, wanasubiri neno tu wanyanyue. Akageuza shingo. Mke wake, Mwalimu, alikuwa amesimama mlangoni, macho yamevimba.

"Unasemaje, mke wangu?"

"Toa bega lako hapo. Wewe humbebi mama yangu."

Ua mzima ukageuka kuwatazama. Hata waliokuwa wanalia walimeza kilio wasikie vizuri.

"Tafadhali. Nitukane, nipige, lakini tukishamzika."

"Mama ameniita mpaka amekata roho, na wewe ulikuwa umevua shati kwa mwanamke! Toka!"

Mama mdogo akamshika mkono haraka. "Mwanangu, neno likishatoka halirudi mdomoni."

"Lisirudi!"

Mwokaji akatoa bega. Binamu mmoja akaingia mahali pake bila kumtazama usoni. Jeneza likatoka getini, na yeye akabaki kando ya pipa la maji, mikono inaning'inia kama si yake.

Watu waliowafahamu walishika vichwa, maana mapenzi ya mkwe na mama mkwe kama yale hawajayaona kwingine. Mama mkwe alimwita Mwokaji Hamira. "Tangu huyu aingie," alikuwa akiwaambia wageni, "binti yangu ameumuka vizuri!" Naye Mwokaji hakupita mtaa ule bila kumwachia mkate wa moto dirishani.

Kilichowafikisha pale ni gari.

Lilikuwa gari la zamani, refu nyuma, wamelinunua pamoja. Asubuhi linabeba mikate, jioni linabeba mwalimu. Mwaka ule likaanza tabia mpya. Linakwenda vizuri kabisa, ghafla kimya, kama mtu aliyesahau alichokuwa anasema. Ukizungusha ufunguo stata inalia, injini haishiki. Unakaa, unaomba, unalisukuma kando. Baada ya muda unajaribu tena, linawaka kama halikufanya kitu.

Ndipo Mwokaji akaanza kuchelewa. Amechelewa kwenye kikao cha shemeji yake, gari lilizima. Amekosa chakula cha jioni cha siku ya ndoa yao, gari lilizima.

"Mpelekee Fundi," Mwalimu alimwambia.

Akampelekea. Fundi alikaa nalo, kisha akampigia simu Mwalimu mwenyewe.

"Shemeji, gari hili ni zima. Nimebadilisha plagi, nimepima betri, pampu ya mafuta inasukuma vizuri. Kila asubuhi naliwasha, nazunguka nalo mtaa wote, halizimi. Sasa nimtibu nini asiyeumwa?"

Shuleni, mwalimu mwenzake akacheka kwa pua. "Dada yangu, gari gani hilo linamzimikia mume tu? Kwa fundi linawaka, kwako linawaka. Fungua macho."

Mwalimu alimkaripia. Lakini neno likishaingia sikioni halitafuti pa kulala, linalala hapohapo.

Kisha mama akalazwa. Ikafika mchana mmoja wa jua kali, Mama mdogo akapiga simu kutoka hospitali: "Njoo, mwanangu. Anakuulizia wewe tu."

Shule ilikuwa nje ya mji, magari ya abiria yanapita kwa kubahatisha. Mwalimu akampigia mumewe.

"Nisubiri hapohapo getini," Mwokaji akasema. "Usihangaike na magari ya abiria, mimi nitakufikia upesi. Nimeshatoka."

Mwalimu akasubiri. Gari moja la abiria likapita, akaliacha. La pili likapita, akaliacha. Akamtumia ujumbe: "Uko wapi?" Jibu likarudi: "Gari limezima mlimani. Linawaka sasa hivi. Nisubiri." Akapiga simu. Ikapokelewa na mwanamke.

"Haloo? Subiri, dada, mwenyewe yuko chini hapa, amevua shati..." Mwanamke yule akacheka kidogo, na simu ikakatika. Alipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Mwokaji alipotokea getini, shati limefungwa vibaya na mafuta meusi shingoni, Mwalimu alipanda, uso dirishani. Walipofika hospitali, Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, ameshika miwani ya marehemu mkononi.

"Alikuwa anauliza, amefika? Nikimwambia yuko njiani, anatulia. Mwisho hakuuliza tena."

Jioni hiyo, katikati ya kilio, Mwokaji alijitetea kadiri alivyoweza. "Yule ni mama anayeuza miche mlimani. Nilimpa simu anishikie nikaingia chini ya gari. Chaji ikaisha. Twende ukamuulize."

"Nikamuulize nani? Kimada wako?"

"Naapa kwa jina la mama, mke wangu."

"Usimtaje mama."

Ndiyo ikawa hivyo mpaka siku ya jeneza.

Baada ya mazishi Mwalimu hakurudi kwake. Akabaki nyumbani kwa mama yake, pamoja na Mama mdogo. Mwokaji akaleta gari, akaliegesha nje, funguo akampa Mama mdogo, akaondoka kwa miguu. Usiku hakupiga simu. Kesho yake akatuma ujumbe: "Nimekuachia gari, kutoka hapo mpaka shuleni ni mbali. Kula vizuri." Mwalimu hakujibu.

Akawa anaendesha. Asubuhi kwenda shule, jioni kurudi. Halikuzima hata mara moja. Kila lilipowaka alihisi kama limempa ushahidi mpya.

"Unaliona?" alimwambia Mama mdogo. "Linazima wapi?"

"Mimi najua macho ya mtu anayelia," Mama mdogo akasema. "Injini sizijui."

Likaja joto la mwisho wa muhula. Mama mdogo alikuwa na siku ya kupima macho hospitali ileile, na Mwalimu akaamua kumpeleka baada ya kupitia ofisi ya elimu upande wa pili wa mji. Walizunguka mchana kutwa. Foleni, jua, vumbi. Kisha wakaanza kupanda mlima.

Katikati ya mlima, gari likazima.

Mwalimu akazungusha ufunguo. Stata ikalia, ikalia. Injini kimya. Akazungusha tena. Gari likaanza kurudi nyuma, akavuta breki ya mkono.

"Limezima?" Mama mdogo akauliza.

Upande wa barabara, chini ya kivuli cha neti nyeusi, mwanamke mnene aliacha kumwagilia miche yake, akaja anafuta mikono kwenye aproni.

"Eh! Gari hili tena?" Akainama dirishani. "Yule kaka yuko wapi leo?"

Mwalimu aliijua sauti ile kabla hajauona uso vizuri.

"Kaka gani?"

"Mwenye gari, yule wa mikate. Maskini, lilimzimikia hapahapa. Akavua shati akaingia chini, simu akanipa mimi nimshikie. Mkewe akapiga, nikapokea. Nikacheka, maana alikuwa mweusi kwa mafuta kama sufuria ya shughuli! Na simu yenyewe ikazima mkononi mwangu." Akatikisa kichwa. "Nilimwambia, liache, panda pikipiki. Akasema, mama, likiwaka sasa hivi nitawahi zaidi. Anajaribu, anasukuma, analia. Mwanaume mzima analia na usukani. Vipi, yule mama mkwe aliyesema anaumwa, walimwahi?"

Mama mdogo akageuza uso, akatazama nje.

"Hawakuwahi," Mwalimu akasema.

"Pole sana. Wewe ni nani wake?"

Mwalimu akafungua mkoba. Akachukua simu. Mara ya kwanza akakosea jina.

"Haloo," Mwokaji akaitika.

"Limezima."

"Uko wapi?"

"Mlimani. Kwa mama wa miche."

Mwokaji akasema, sauti ya chini, "Mama mdogo yuko na wewe? Mtoe juani. Usizungushe ufunguo tena, na boneti usifungue. Naja na Fundi. Safari hii lazima alikute halijapoa."

Wakafika na pikipiki, Fundi amekumbatia begi la vyombo. Mwokaji alikuwa amekonda, na unga bado uko kwenye nyusi zake. Alimsalimia Mama mdogo kwa kuinama, akamwitikia mama wa miche, mkewe akampa pole kama mtu anavyompa jirani.

Fundi akakaa kwenye usukani, akazungusha ufunguo. "Stata nzima. Betri nzima." Akamwita Mwokaji. "Tazama mshale huu wa mizunguko ya injini. Nikiwasha, ulitakiwa ucheze kidogo. Umelala. Maana yake gari halijui kama injini inazunguka, kwa hiyo halitoi cheche."

Akafungua boneti, akainama mpaka kiuno, akanyoosha mkono chini karibu na puli ya mkanda. "Kuna sensa ndogo hapa, ndiyo inayohesabu mizunguko. Mama, naomba maji yako ya miche."

Akaimwagia kidogo kidogo, akasubiri, akamwagia tena. "Jaribu, kaka."

Mwokaji akazungusha ufunguo. Likawaka mara moja.

Hakuna aliyefurahi. Fundi alisimama na kopo tupu mkononi, jasho linamtiririka.

"Likipata moto mwingi, sensa inakufa. Ikipoa inafufuka. Asubuhi, au safari moja isiyo na jua kali, hulikamati." Akamgeukia Mwalimu. "Shemeji, mgonjwa wa homa hupimwa homa ikiwa imepanda. Mimi nilikuwa nampima asubuhi amepoa, nikamwita mzima. Kumbe nimewabomolea nyumba."

"Nyumba hukuibomoa wewe," Mwalimu akasema.

Akamfuata mumewe kando ya miche, mahali ambapo wengine wasingesikia. Akapiga magoti kwenye udongo mbichi.

"Inuka, Mwalimu."

"Nisamehe. Nilikufukuza mbele ya watu. Nilikunyima mama."

"Inuka kwanza." Alimnyanyua kwa viwiko, kisha akamwachia. "Nilikusamehe siku ileile. Nilijua ni uchungu. Na mimi nina langu. Ningeliacha gari nikapanda pikipiki, pengine ungemkuta anapumua. Kila siku najiuliza."

"Basi turudi nyumbani. Twende leo."

Mwokaji akatikisa kichwa taratibu.

"Nilikuapia kwa jina la mama, hukuniamini. Nilikwambia njoo umuulize huyu mama, hukuja. Leo gari limekuzimikia, ndiyo umeniamini. Uliliamini gari, mke wangu. Mimi hukuniamini."

"Mume wangu..."

"Nyumba iko wazi, sijabadilisha kitu. Lakini usije leo. Leo unakuja kwa sababu gari limenitetea. Siku ukinitaka mimi, njoo."

Akapanda pikipiki. Mwalimu alimtazama mpaka alipopotelea nyuma ya lori la mchanga, ndipo akaanza kulia, kilio ambacho hata msibani hakukilia. Mama wa miche alimletea kigoda. Hakuuliza tena yeye ni nani.

Siku zilikuwa ndefu. Fundi alibadilisha sensa, gari halikuzima tena, na Mwalimu aliliacha nje likapigwa na vumbi. Alimtafuta kila mtu wa ukoo aliyekuwepo uani siku ile, mmoja mmoja, akawaambia: "Mume wangu hakuwa na mwanamke. Nilimsingizia." Wengine walimpa pole. Binamu aliyechukua nafasi chini ya jeneza alisema tu, "Sasa unatwambia?"

Asubuhi moja ya likizo alitembea kwa miguu mpaka duka la mikate. Mwokaji alikuwa anakanda, mgongo umeelekea mlangoni.

"Bado haijaiva," akasema, akidhani ni mteja.

"Sijafuata mkate."

Mikono ikasimama ndani ya unga.

"Gari lina nini?"

"Sijaja kwa ajili ya gari. Sina kesi, sina ushahidi. Nimeamka, hupo, nikaona siwezi siku nyingine kama hii."

Mwokaji akasogea pembeni ya meza, akampa nafasi. Mwalimu akanawa, akakunja mikono ya gauni, wakakanda pamoja mpaka unga ukawa laini.

"Kuna kitu nataka," Mwokaji akasema, akitazama meza. "Sijawahi kufika alipolala. Kila nikitaka kwenda naona kama nitafukuzwa."

"Twende. Twende sasa hivi."

Udongo wa kaburi ulikuwa umeshashikana, majani yameanza kuota pembeni. Mwalimu alisimama nyuma kidogo. Mwokaji alichuchumaa, akachota udongo kiganjani, akauweka juu taratibu kama watu walivyofanya siku ile yeye hayupo. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Mama," akasema. "Ni mimi. Nimechelewa."

Mwalimu akachuchumaa kando yake, akamshika mkono wenye udongo, akamwacha aseme yote.