Treni Ambayo Haikuondoka Kindu

Ndugu zangu wa Kindu, na ninyi mlio mbali mnaoijua Kindu kwa jina tu, nipeni masikio yenu kidogo. Nataka kuwasimulia jambo lililoipata nyumba moja ya mtaa wa Mikelenge.

Papa Kalala alikuwa mstaafu wa reli. Wazee wake walitoka Kasai wakifuata kazi ya reli, na reli ikawafikisha Kindu. Kila asubuhi, kabla jua halijapasua ukungu wa mto, alikaa mlangoni na kikombe cha chai ya mchaichai, akitazama shamba lake dogo la mihogo likijitokeza polepole, jani kwa jani, kana kwamba ndiyo kwanza linaumbwa. Ndani ya ukungu ule alimwona Germaine, mke wake aliyefariki wakati wa vita, ameinama kwenye matuta, kitambaa kichwani, akichuma sombe, yale majani ya muhogo, bila haraka. Hakumwita. Alijua akimwita tu, ataondoka.

Asubuhi moja ya mwaka 2023 simu ililia. Alikuwa Douce, binti yake wa pekee, akipiga kutoka Kampala alikokimbilia mwaka mmoja na nusu nyuma. Alisema ofisi ya wakimbizi imekataa ombi lake. Kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Papa, unisamehe. Nilikuua."

Ili tuyaelewe maneno hayo, turudi hadi mwaka 2002. Mji ulikuwa umezingirwa. Wanajeshi waliotawala walikuwa ndani, wapiganaji wengine walikuwa msituni pande zote, na raia wamebanwa katikati. Reli ilimezwa na majani. Kalala, mtu wa ishara pale stesheni, aliendelea kwenda kazini, akaketi kwenye benchi kungoja treni ambayo haikuja. Kuna siku aliisikia honi yake waziwazi kabisa. Akasimama, akashika bendera, ndipo akakumbuka.

Njaa ilipozidi, Germaine na jirani yake Salama walivuka kizuizi cha mwisho kwenda kutafuta mihogo. Walirudi baada ya siku tisa. Yaliyowapata mikononi mwa wapiganaji sitayaeleza kwa urefu. Mama zetu wengi wanayajua, na wengi wao hawajawahi kuulizwa. Germaine hakupona. Mwaka haukwisha kabla hajafariki, na Kalala akasema ni malaria. Alimwambia padri ni malaria, akawaambia ndugu wa Kasai ni malaria, akamwambia na Douce, mtoto wa miaka minane. Lakini Douce ndiye aliyemwosha mama yake miguu siku ile aliporudi. Alipotaka kuuliza, baba yake alitoka nje.

Tusimhukumu upesi. Aliona kwamba anaifunika heshima ya mke wake. Ila wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Douce alikua, akawa muuguzi. Pale zahanati wanawake walimweleza mambo ya vita, na kwa ridhaa yao akaanza kuyaandika katika daftari pamoja na majina ya waliotenda. Jina moja lilirudi mara kwa mara: komanda wa zamani ambaye sasa ni tajiri wa dhahabu kwenye machimbo ya Kama, na bado ana watu wenye bunduki. Habari za daftari zikamfikia. Mchana mmoja wanaume wawili waliingia zahanati, wakamtajia Douce jina la mama yake, wakamwambia kwamba akiendelea kuandika atamfuata mama huyo kaburini. Wiki hiyo hiyo aliondoka. Wakati wa kuagana, Kalala alimpa sharti moja tu: huko aendako, asilitaje jina la mama yake mbele ya wageni.

Basi Douce alifika Kampala amefungwa mdomo na baba yake mwenyewe. Ukweli aliokuwa nao ulianzia kwa Germaine, na Germaine hatajwi. Ndipo akakutana na Bruno, mtu wa kwao, aliyejipatia riziki kwa kuwatungia wakimbizi hadithi za kupeleka ofisini. Bruno alimtungia yake: mwaka 2002 baba yake alipigwa risasi pale stesheni ya Kindu, naye Douce, mtoto wa miaka minane, akadandia treni iliyokuwa ikiondoka kuelekea kusini. Douce akaihifadhi kama sala.

Afisa aliyemhoji aliandika yote bila kumkatiza, kisha akamuuliza mara mbili kama kweli alipanda treni. Ndugu zangu, ofisi hizi hazipimi machozi peke yake. Zina ripoti za kila nchi: nani alipigana wapi, barabara gani ilifungwa mwezi gani, nani aliteswa na nani. Huziita habari za nchi ya asili. Maneno ya mkimbizi huwekwa kando ya ripoti hizo, ionekane kama yanalingana. Na ripoti ya Kindu ilisema kwamba mwaka ule hakuna treni hata moja iliyoondoka.

Hivyo ndivyo Kalala alivyokufa kwenye karatasi. Baada ya Douce kumweleza hayo kwenye simu, alitembea mjini siku mbili kama mtu aliye ndani ya maji. Watu walimwamkia, naye alichelewa kuitika, kana kwamba hakuwa na hakika wanamwona. Alikwenda mpaka stesheni, akasimama mahali ambapo hadithi ya Bruno ilimwangusha. Nyasi zilikuwa zikitikisika kwa upepo. Akajiuliza ni nani atamtetea binti yake, ikiwa shahidi wake wa kwanza ni marehemu.

Siku ya tatu alipigiwa simu na Maître Zainabu, wakili mzaliwa wa Uvira aliyewasaidia wakimbizi kule Kampala. Alisema Douce hatimaye amemweleza ukweli wote, na kwamba wana siku thelathini za kukata rufaa.

"Papa Kalala, ripoti haimujue Douce," alisema. "Inajua Kindu. Iko ukurasa juu ya wanawake waliokamatwa mashambani mwaka ule. Iko ukurasa juu ya watu wenye silaha kule Kama, leo. Lakini afisa ameshika ukurasa mwingine, unaosema Kindu mjini kuna usalama. Ninatafuta muntu wa kuunga kurasa hizo na nyumba yenu."

"Mimi njo nilisema malaria," Kalala akakiri.

"Basi utasema pia kwamba ulisema malaria."

Kalala alivuka barabara hadi kwa Salama. Alimkuta akimenya mihogo, akaketi, akazungumza juu ya mvua, kisha juu ya bei ya mafuta ya mawese. Salama alimwacha amalize. Mwishowe Kalala akamuuliza juu ya zile siku tisa. Salama akaweka kisu chini.

"Miaka makumi mbili na moja nilingojea muntu aniulize," alisema. "Nilifikiri atakuwa wewe."

Akamweleza kila kitu, bila kupandisha sauti. Alimweleza na jambo moja ambalo Kalala hakulijua. Siku ya tisa, njiani, Germaine aliyekuwa hawezi hata kusimama vizuri, alikuwa akisema kwamba akifika nyumbani atamwambia mume wake yote, kwa sababu Kalala ni mtu anayejua kusikiliza.

Kalala hakulia hapo. Aliomba maji, akanywa, akabaki ameshika kikombe kitupu mpaka jua likahama ukutani. Alikuwa akiwaza mlango ambao yeye aliupitia kwenda nje kila mara mke wake alipofungua mdomo.

Juma hilo watu watatu walikwenda kwa noteri wa mji, mthibitishaji wa hati, kuandikisha ushahidi wa kupelekwa Kampala: Kalala, Salama, na Émilienne, muuguzi aliyekuwapo siku wale wanaume walipoingia zahanati. Kalala alilitaja jina la Germaine mbele ya wageni. Alisema alichokificha na sababu ya kukificha. Akasema mwaka 2002 alikuwa stesheni kila siku ya kazi, wala hakuna treni iliyoondoka.

Rufaa ilichukua miezi saba. Baraza la rufaa lilimuuliza Douce kwa nini alidanganya, naye akalieleza lile sharti, na woga wake, na Bruno. Katika uamuzi waliandika kwamba uongo ule ulimharibia sana. Waliandika pia kwamba ripoti peke yake isingetosha, lakini ushahidi wa Kindu na habari za nchi vilisema lugha moja. Na kwa kuwa watu wa Kama walimfikia mjini mchana kweupe, usalama wa mji haukuwa usalama wake. Akapewa hifadhi.

Mvua zilizofuata, Kalala aliugua na hakuinuka tena. Douce hakuweza kuja kumzika, maana aliyepewa hifadhi hawezi kurudi mahali anapowindwa. Émilienne alishika simu juu ili Douce asikie kutoka Kampala. Baada ya sala, Salama alisimama mbele ya watu wote, akaeleza namna Germaine alivyokufa. Kalala ndiye aliyemwomba afanye hivyo. Kisha mama mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono, akasema, "Na mimi."

FUNZO

Ndugu zangu, njia ya mwongo ni fupi. Anayeuza hadithi hatakuwapo siku ya mahojiano. Atakayekuwapo ni wewe. Ukikimbia, sema yako, hata kama ni nyembamba na inauma. Nanyi mlio nyumbani, msimfunge mtoto mdomo kisha mkamtuma kwenda kuomba uhai wake kwa maneno. Habari za nchi yetu huandikwa mara nyingi na watu wasiotujua. Tukiyanyamazia yaliyotupata, zitabaki na mashimo, na katika mashimo hayo wataanguka watoto wetu.