Boriti Alizoleta Darweshi

Ijumaa moja ya mwaka wa hamsini na sita, Kuluthum binti Alamin aliamka, akasali, akanywa chai yake ya tangawizi, kisha akaanza kufagia nyumba yake pale Bondeni, Nakuru. Ilikuwa nyumba ya udongo, ndiyo hiyo tu aliyoachiwa na marehemu mumewe, na mtaa mzima uliijua kwa paa lake. Mwaka uliotangulia mdogo wake Darweshi alimletea boriti za mikoko kutoka pwani kwa gari la moshi, zimenyooka, ngumu, hata mchwa hazigusi. Bibi huyu alitamba nazo mpaka majirani wakachoka. Ukipita tu kumsalimu, utaambiwa utazame juu.

Siku hiyo, chini ya ukuta wa chumba cha wageni, ufagio ulikuta mchanga mweupe. Adero, mke wa fundi wa reli aliyekaa nyumba ya pili, alichungulia mlangoni.

"Hiyo ni vumbi ya machimbo ya Kariandusi, mama. Upepo ndio imeleta," alisema.

Kuluthum alitia chembe ulimini. Ziwa la Nakuru lina magadi, lakini ladha ile haikuwa ya magadi. Ilikuwa chumvi ya bahari, na katika mchanga mlikuwa na vipande vya simbi. Akauzoa, akautupa nje. Kesho yake aliukuta tena, na sasa ulikuwa umelowa.

Baadaye ukuta wenyewe ukaanza kuliwa. Uliliwa chini kwanza, kikafanyika kipango kidogo, kisha udongo wa juu ukakosa pa kushika, ukamomonyoka. Kuluthum alizaliwa ufuoni. Kazi hiyo aliijua ni ya nani. Kijijini kwao makaburi yalikuwa kando ya maji, na kinga yake ilikuwa mikoko. Kila alipozikwa mtu, jamaa zake walipanda mkoko mmoja mbele ya kaburi, na mkoko huo haukatwi, hata kuni hazitolewi humo. Mizizi ilishika tope, na kusi ilipovuma mawimbi yalifika pale yakachoka. Mkoko wa mama yao aliupanda Kuluthum mwenyewe, mama alipofariki kwa uzazi wa Darweshi. Aliufunga kipande cha leso ya marehemu ili usimpotee. Kisha akamlea mdogo wake kama mwana wa kumzaa.

Aliinua macho. Boriti iliyokuwa juu ya ukuta ule ilikuwa na kovu la kuzunguka, kama shingo iliyokabwa na kamba. Alikuwa amelitazama kovu hilo mwaka mzima. Alipanda juu ya kiti akaliparuza kwa ukucha, na ndani ya mti kukatoka nyuzi za nguo. Zilikuwa zinadondosha maji.

Darweshi alifika juma hilo hilo kumtembelea dadake, na kikapu cha samaki wakavu na vicheko vyake vya kawaida. Kuluthum alimpakulia wali. Alimwacha ale kwanza.

"Makaburi yako salama?" aliuliza.

"Salama, dada."

"Na mikoko?"

Darweshi alimega tonge. "Ipo."

Kuluthum alinyoosha kidole juu. Darweshi akalitazama lile kovu, akarudisha tonge sahanini.

"Tajiri mmoja alitaka boriti nyingi," alinong'ona. "Nikaikata, nikasema mikoko itaota tena. Kusi ikaja mapema. Bahari ikachukua makaburi yote ya mbele."

"Na mama?"

"Na mama."

"Nawe ukaniezekea mti wake."

"Mama mimi simjui, dada. Nakujua wewe. Nilitaka ulale pakavu."

Maneno hayo yalimchoma Kuluthum kuliko uongo wenyewe. Mwaka mzima mtoto huyu amekuwa akimletea habari njema za kaburi ambalo halipo. Na yeye mwaka mzima amekuwa akiwaita watu waje kuona mifupa ya usaliti huo. Hakulia. Alitoka akaenda uani, na Darweshi, kama ilivyokuwa desturi yake baada ya chakula, akaingia chumba cha wageni kujinyoosha mkekani.

Uani, Adero alikuwa akichagua maharagwe. Kuluthum alikaa karibu naye. Alikumbuka jambo ambalo kila mtoto wa ufuoni analijua: bahari haimalizi inachokula, hukitoa huku ikakiweka kule. Hadi saa hiyo alikuwa amewaza mchanga tu. Sasa aliwaza aliyekuwa amezikwa humo.

Jua lilikuwa kali. Adero akaacha maharagwe.

"Mama," alinong'ona. "Hiyo ni nini?"

Ndani kulivuma. Kitu kilivuta pumzi ndefu. Kikaiachia. Kikavuta tena. Kuluthum alijua ni wimbi. Kisha akamsikia Darweshi akiita, "Dada." Mara moja tu. Angeweza kuinuka. Roho ilikuwa imejaa uchungu. Hakuinuka.

Pakawa kimya.

Walipofungua mlango, mchanga ulifika usawa wa kizingiti, mweupe, laini, na vijimatuta kama vinavyobaki maji yakitoka. Nondo za dirisha zilikuwa nzima. Kipango cha ukutani hakipiti hata paka. Mkeka ulikuwa mtupu, na Darweshi hakuonekana tena, Nakuru wala pwani.

Juu ya mchanga kulikuwa na nyayo za mwanamke. Zilitoka ukutani zikaenda mkekani, nyepesi, hazikuzama. Zikarudi ukutani. Za kurudi zilizama hadi kifundoni.

"Huyu amebeba mtu," alisema Adero.

Kuluthum alikuwa amepiga magoti, akitafuta unyayo mmoja, mmoja tu, uliogeukia chumba alicholala yeye, bintiye. Alitafuta mpaka jua likazama. Haukuwapo.