Posa Katikati ya Sprinti

Mtu aliyechomoa kompyuta ya Faridah alikuwa na matope hadi masikioni.

Soko la Kasongo lilikuwa limefurika. Kibanda cha kuchaji simu kilijaa nyaya na wateja, na jenereta nyuma yake ilinguruma hivi kwamba kila aliyesema alionekana kugombana. Faridah, katika libaya, blauzi ya kitenge cha buluu, na mtandio mweupe, alikuwa ametoka kidogo tu kununua maandazi. Aliporudi, kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi.

"Njo nani alitosha ordinateri yangu kwenye umeme?"

"Ni miye." Kijana aliyejibu hakuona hata aibu. Koti lake la mvua lilikuwa na rangi ya barabara ya Kabambare. "Simu ilikuwa inakufa. Mama anangojea nimuambie kama nilifika muzima."

"Na kazi yangu?"

"Si ilikuwa na batri?"

"Batri yake ilikufa mwaka jana!"

"Pole, basi. Lakini usinipigie kelele kama muke wangu."

"Muke wako anateseka."

"Sina muke."

"Sishangai."

Kijana alicheka, akachomoa simu yake na kuirudisha kompyuta mahali pake. Kioo kilipowaka, akainama kusoma. Halafu akaonyesha mstari mmoja kwa kidole chenye tope na kusema hapo programu itakwama. Faridah alitazama. Ingekwama kweli.

Jina lake lilikuwa Zakaria. Alisoma informatiki Bukavu, akarudi kwao Kabambare baba yake alipofariki, na kwa kuwa huko hakuna aliyehitaji programu, alibeba mizigo kwa pikipiki yake mwenyewe. Faridah alimpa andazi moja, kisha akampa kazi.

Yeye na rafiki yake Aurélie walikuwa wanatengeneza programu ya simu iitwayo Nafasi. Kusudi lake ni jepesi kueleza: mama wa kijijini Wamaza ana mfuko wa mchele unaoota ukungu, na pikipiki inapita karibu naye ikiwa tupu, ila hawajuani. Nafasi ingewajulisha. Walikodi chumba nyuma ya duka la vitenge la baba yake Faridah, Mzee Ayoubu, na kufanya kazi kwa vipindi vya wiki mbili walivyoviita sprinti. Mwanzoni mwa kila sprinti waliandika lengo ubaoni, na chini yake swali ambalo Faridah hakuruhusu lifutwe: Tutajuaje kama tumefika?

Swali lilikuwa zuri. Malengo ndiyo yalikuwa mabaya. Faridah alikuwa hodari, lakini hakuweza kuacha kitu. Lengo lake lingesomeka hivi: kurekebisha ramani, kuongeza Kifaransa, kubadilisha rangi, kupunguza uzito wa programu, kutengeneza malipo, kuanza ujumbe wa simu ndogo zisizo na intaneti.

"Hii haiko lengo," Aurélie alimwambia zaidi ya mara moja. "Hii iko gunia. Umetia kila kitu umefunga mudomo."

"Tusipomaliza, tutavisogeza mpaka sprinti inayofuata."

Hawakumaliza. Walisogeza.

Zakaria ndiye aliyekwenda barabarani kuwaonyesha watu programu na kupiga simu kusema kilichoharibika. Simu za kazi zikawa ndefu. Zikaanza kuishia mbali na kazi.

"Umekula, sheri?" Zakaria akauliza kwa sauti ya mpenzi.

"Nimekula bugali na sombe. Weye?"

"Vumbi. Vumbi ya Lusangi ni tamu kuliko ya Kabambare."

"Rudi, nitakupikia."

"Unajua kupika?"

"Rudi kwanza, njo utajua."

Alirudi, akajua, akala yote bila kulalamika. Kwa mwanamume, hilo si jambo dogo. Mzee Ayoubu aliyaona haya kutoka mezani pake dukani na hakusema kitu. Ila kila Zakaria alipopita kumwamkia kwa heshima, mzee alijibu salamu na kumwita binti yake: "Faridah, ule wa pikipiki amefika." Hakumwita kwa jina hata mara moja.

Kisha ikaja simu ya kutoka Wamaza.

Zakaria alikuwa amesimama juu ya kilima pale rezo, yaani mtandao wa simu, inapokamata. Alikuwa amejiandaa tangu asubuhi, na kwa sababu alikuwa amejiandaa, aliogopa. Akaanza na mambo ya kazi. Ramani inakula batri. Herufi ni ndogo, wamama hawazioni. Simu nyingi za huku hazina intaneti kabisa. Kisha, kwa sauti ileile, bila kupumua:

"Na mama yangu anataka kuya Kasongo Jumamosi, siku ya posho, aone baba yako. Kwa ajili yetu."

Faridah alikuwa anaandika. Mkono ukasimama. Aurélie alikuwa hapo karibu, na Faridah hakutaka kulia kwa furaha mbele ya mtu, kwa hiyo akakimbilia utani wa kazini.

"Zakaria! Katikati ya sprinti hatuongezi kitu. Tuiweke ile inayofuata."

Kule kilimani Zakaria akafunga zipu ya koti lake.

"Bon," akasema Zakaria. "Nimesikia."

Rezo ikakatika, na Faridah akabaki anacheka peke yake kama mtu aliyepewa zawadi. Kwake, inayofuata ilikuwa ndiyo kamili.

Siku ya posho ilipita. Ikapita nyingine. Zakaria hakurudi Kasongo. Ripoti za kazi zilifika zikiwa kavu: imeharibika hapa, imetengenezeka pale. Faridah akiandika "Umekula?", jibu lilikuwa "Ndiyo." Alipiga simu, ikasema mwenye namba hapatikani. Huenda ilikuwa kweli. Huenda sivyo.

"Amechoka na miye," alimwambia Aurélie, macho mekundu. "Labda amepata mwingine huko."

"Mara ya mwisho mulisema nini?"

Faridah akamweleza, mpaka ule utani. Aurélie aliacha kutafuna karanga.

"Mwanaume amekuletea posa, umemuambia sprinti inayofuata?"

"Nilimaanisha ndiyo! Yeye anajua."

"Anajua nini? Faridah, nitajie kitu kimoja tulichosogeza mbele kikafanyika. Kimoja tu."

Faridah aligeuka. Alitazama ubao. Ramani ilikuwepo, rangi zilikuwepo, Kifaransa kilikuwepo, ujumbe wa simu ndogo ulikuwa mwisho kabisa, vyote vimesogezwa tena na tena hadi wino ukafifia.

"Unaona," Aurélie akasema, taratibu sasa. "Humu ndani, inayofuata njo kaburi. Umemuzika yeye na mama yake."

Faridah alilia kidogo, halafu akanawa uso. Alichukua kitambaa akafuta ubao wote, isipokuwa lile swali. Akaandika sentensi moja: Mama Julienne wa Wamaza aite pikipiki kwa simu isiyo na intaneti. Mama Julienne alikuwa mkulima wa mpunga ambaye Zakaria alimtaja katika kila ripoti.

"Na rangi?" Aurélie akamjaribu.

"Rangi itoke."

"Malipo?"

"Yatoke yote. Hatuyasogezi. Yatoke."

"Na tutajuaje kama tumefika?"

"Pikipiki itasimama mbele yake."

Ilikuwa mara ya kwanza wote wawili kujua asubuhi watafanya nini, na jioni kama wamekifanya. Lilipozuka wazo jipya, walilipima kwa sentensi ile, na likishindwa waliliacha. Sprinti ilipokaribia kwisha, Faridah hakumtuma mtu. Alikodi pikipiki, akafunga mtandio vizuri, akaenda Wamaza mwenyewe.

Mama Julienne alimkuta kando ya njia na kumcheka. Faridah alikuwa na matope hadi masikioni.

"Mutoto wangu, ulikuya na pikipiki ama pikipiki ilikuya na weye?"

"Hata sijui, mama. Keti hapa, andika ujumbe: mfuko mmoja, mutu mmoja, Kasongo."

Mama Julienne, juu ya mfuko wake wa mchele, alibonyeza polepole. Walingoja. Simu ikalia: Pikipiki inakuja. Jina la dereva halikuandikwa, maana hilo nalo walikuwa wamelitoa.

Muda si mrefu, injini ikasikika bondeni, na Zakaria akatokea katika koti lilelile. Alizima injini akabaki ameketi.

"Umechafuka," akasema.

"Barabara yenu."

"Ulikuya kuona programu."

"Programu imefanya kazi. Umesimama mbele ya Mama Julienne. Lengo lilikuwa hilo tu."

"Na ile mingine yote?"

"Tumeitosha."

Zakaria alitazama usukani. "Na yangu?"

"Yako uliiweka nyuma ya batri na herufi ndogo, Zakaria. Mutu anaposa hivyo?"

"Niliogopa."

"Na miye niliogopa, nikacheka. Pole. Nilitaka kusema ndiyo." Akapangusa tope shavuni, likaenea zaidi. "Sema tena. Kitu kimoja."

Mama Julienne hakujifanya kutazama pengine. Alijiweka sawa juu ya mchele.

"Nataka Faridah akuwe muke wangu kabla mvua haijaisha," akasema Zakaria.

"Tutajuaje kama tumefika?"

Zakaria alifikiri sana, mpaka Mama Julienne akaguna.

"Siku baba yako ataniita kwa jina."

"Eh!" Faridah akasema. "Hilo ni ngumu kuliko ndoa."

"Njo hilo tu. Sitaki lingine."

Mama yake Zakaria alifika Kasongo siku ya posho iliyofuata, katika kitenge kipya cha manjano, pamoja na wajomba wawili. Wakubwa walikaa sebuleni, wakaongea muda mrefu kwa sauti ndogo. Zakaria aliachwa nje barazani, kanzu yake nyeupe, mikono yake haijui iende wapi. Jikoni, Faridah alikoroga mboga ya sombe iliyokwisha kuiva. Aurélie alimwambia itaungua. Hakusikia.

Mlango wa sebule ukafunguliwa. Mzee Ayoubu akakohoa.

"Zakaria," akaita. "Ingia, chakula kinapoa."

Mwiko ukasimama ndani ya chungu.

"Imefanya," Aurélie akanong'ona. "Sasa usiongeze kitu."