Kikombe Kilichovunjwa na Sayansi

Haba na haba hujaza kibaba. Sawa. Lakini haba na haba za mchele uliochanganyika na changarawe hujaza kibaba vilevile, na anayekiangalia kwa juu atakusifu. Atakayekuja kujua ukweli ni meno yako.

Mimi niliujua nikiwa darasa la saba, mbele ya kompyuta kuukuu ya shangazi yangu.

Nilikuwa nikikaa kwake wakati ule. Shangazi alikuwa karani wa masjala katika kliniki, yaani ndiye aliyetunza mafaili ya wagonjwa. Kliniki ilipopata kompyuta mpya, alipewa moja ya zile zilizochoka. Aliiweka sebuleni, juu ya meza ya cherehani, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma kana kwamba ni mgeni aliyelala. Feni yake ilikoroma. Herufi E ilikuwa imeng'oka, hivyo ulibonyeza kidude cha mpira kilichobaki chini yake. Hata leo nikisikia feni ya kompyuta ikikoroma, nanusa sebule ile: mafuta ya cherehani, sabuni ya sakafu, na chai inayochemka jikoni.

Kila siku tukitoka shule, mimi na mwanawe tulivua viatu mlangoni tukakimbilia kiti. Mwanawe tulikuwa darasa moja, naye alipachikwa jina la Waziri kwa sababu hakuwahi kusema jambo; alilitangaza. Mimi aliniita Kasuku, kwa kuwa nilikariri kila nilichosikia.

Katika kompyuta ile mlikuwa na programu ya kadi za kujisomea. Unaandika swali upande mmoja na jibu upande wa pili. Kadi inapokuja unajibu moyoni, unaigeuza, kisha unabonyeza "Najua" au "Bado". Ukibonyeza "Bado", inarudi baada ya muda mfupi. Ukibonyeza "Najua", inapotea kwa siku nyingi. Ukivuka asilimia tisini, juu ya kioo kinatokea kikombe cha rangi ya dhahabu.

Tulikuwa na kadi mia sita na arobaini, zote katika lundo moja tulilolipa jina "Masomo". Methali ilifuatwa na mto, mto ukafuatwa na sehemu ya hesabu, sehemu ikafuatwa na figo. Tuliona ni sawa. Si zote ni masomo?

"Chembechembe nyeupe za damu zina kazi gani?" nilimsomea Waziri siku moja.

Alikuna kichwa. "Kuwa nyeupe."

"Waziri, acha mchezo."

"Hiyo kadi naijua kwa sura, jina lake tu ndilo limenitoka. Bonyeza Najua. Unataka kikombe kiondoke?"

Nikabonyeza. Kesho yake ilikuja kadi ya mizizi, sikuijua mimi, akanibonyezea yeye. Hivyo ndivyo tulivyosaidiana. Kikombe kilikaa juu ya kioo siku thelathini na nane, na Waziri aliwaleta watoto wa jirani mmoja mmoja waje kukitazama. Tulikuwa na asilimia tisini na mbili.

Kisha ukaja mtihani wa majaribio. Kiswahili nilipata themanini na tisa. Sayansi nilipata thelathini na nne. Waziri alipata thelathini na nane, akatembea siku nzima kama aliyefaulu.

Mwalimu wa Sayansi aliniita mezani kwake. "Ile shule ya bweni unayoitaka haichukui mtoto mwenye Sayansi chini ya hamsini," alisema. "Mtihani wa mwisho ni wiki saba zijazo. Karatasi hii isainiwe na mlezi wako."

Shule ile ndiyo aliyosoma shangazi. Sweta lake la kijivu lenye mstari mwekundu shingoni lilikuwa bado kabatini, limekunjwa na vidonge vya kufukuza nondo. Tangu nikiwa mdogo nilikuwa nalijaribu, mikono ikinipita vidole, naye akilirudisha na kusema, "Ukiingia shule ile, ni lako. Usipoingia, ni la nondo."

Jumamosi nilimfuata kazini na karatasi yangu mfukoni. Nilidhani mbele ya watu hatanigombeza.

Masjala ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja na rafu mpaka darini. Kila rafu ilikuwa na kibao: watoto, wajawazito, kisukari, kifua. Shangazi aliisoma karatasi yangu akiwa amesimama, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Mbona kompyuta yenu ina kikombe?" aliuliza.

"Hata mimi sielewi, shangazi."

Kabla hajajibu, muuguzi alichungulia dirishani akaomba faili la mtoto. Shangazi alinyoosha mkono bila kuangalia, akapapasa, akasimama. Kati ya mafaili mawili palikuwa na uwazi mwembamba kama kidole.

"Halipo," alisema. "Daktari wa zamu ya jana hajalirudisha. Liko droo yake ya kulia."

Muuguzi alikwenda, na kweli lilikuwa humo. Nilimwuliza shangazi amejuaje.

"Nilipoajiriwa, mwanangu, humu ndani mafaili yalikuwa lundo moja. Kila siku yanaongezeka, na mkubwa wetu anafurahi kwamba tuna mafaili mengi. Mtoto akija, tunatafuta mpaka mama yake anachoka anaondoka. Baadaye tukagundua faili la mtoto mmoja lilikuwa limepotea mwaka mzima, na hakuna aliyejua." Aligonga ule uwazi kwa ukucha. "Lundo halionyeshi pengo. Rafu inaonyesha."

Alisaini karatasi, akanirudishia. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nilirudi nyumbani mbio. Waziri alikuwa uwanjani. Nilifunua kitambaa, nikaunda mafungu manne: Kiswahili, Hisabati, Maarifa ya Jamii, Sayansi. Kisha nikaanza kuhamisha, kadi moja baada ya nyingine, mpaka kidole kikaota alama ya kile kidude cha mpira.

Mafungu yalipojaa, pengo lilijitokeza lenyewe. Kadi za Kiswahili zilikuwa mia mbili na tisini, kwa sababu nilizipenda, na kila nilipotaka kujisifu niliongeza nyingine. Za Sayansi zilikuwa themanini tu, na zote themanini zilikuwa na alama ya "Najua". Nilichukua daftari nikajibu kwa kuandika, bila kugeuza kwanza. Nilizijua ishirini na moja.

Feni iliendelea kukoroma. Halafu nikazirudisha zote themanini kwenye "Bado", hata zile ishirini na moja, kwa hasira. Asilimia ikashuka hadi sabini na tisa. Kikombe kikatoweka.

Waziri aliingia na vumbi la mpira miguuni, akiwa na rafiki aliyemleta kuona kikombe.

"Kiko wapi?" aliuliza.

"Kimeondoka. Nimepanga kadi kwa masomo, na za Sayansi nimezirudisha mwanzo."

"Zote? Bila kuniuliza?" Sauti ilimpanda. "Siku thelathini na nane, Kasuku. Nusu ya kile kikombe ni changu."

"Basi chukua nusu yako. Chembechembe nyeupe za damu zina kazi gani?"

Rafiki yake alicheka. Waziri hakucheka. Shangazi alipofika saa kumi na moja alitukuta kila mmoja kashika upande wake wa kibodi.

"Mama, huyu ameharibu kazi yetu," Waziri alitangaza. "Aniombe radhi."

Shangazi hakuvua hata viatu. Alikisogeza kitambaa, akatazama mafungu yale manne, moja baada ya jingine.

"Nani alikuwa anabonyeza Najua?" aliuliza.

Waziri alinitazama. Mimi nilitazama sakafu. "Sote wawili, shangazi," nilisema. "Mimi nilimbonyezea yeye, naye akanibonyezea mimi."

"Mlikuwa mnapendana vibaya." Akaketi, akatuvuta kila mmoja kwa mkono. "Sikilizeni. Mtu hapangi vitu ili vipendeze. Anapanga ili aone asichokuwa nacho, akitafute kabla hakijahitajika. Kompyuta hamkuidanganya, haina shida nanyi, haifanyi mtihani. Mmejidanganya wenyewe. Kuanzia Jumatatu mnaanza na fungu lililo jembamba kuliko yote, na anayejibu hagusi kibodi. Mwenzake ndiye anayebonyeza, tena bila huruma."

"Na radhi yangu?" Waziri aliuliza.

"Mwenzako angekwambia kwanza, hilo kweli. Mtamalizana wenyewe. Mimi nataka chai."

Wiki zile sita zilizobaki ndizo ninazozikumbuka kuliko mwaka wote. Tulianza na Sayansi kila siku. Waziri alinibonyezea "Bado" kwa furaha ya kisasi, nami nikamlipa. Fungu la Sayansi lilifika kadi mia mbili na ishirini. Kikombe hakikurudi. Katika mtihani wa mwisho Waziri alipata sitini na moja, mimi nikapata sitini na nane, na siku barua ilipofika shangazi alikwenda kabatini. Sweta lilinuka nondo waliokosa chakula. Mikono ilikuwa bado inanipita kidogo.

Miaka kumi na miwili imepita. Shangazi amestaafu, na kompyuta ile ilikufa siku moja mchana, katikati ya kukoroma. Waziri anauza dawa katika duka la dawa. Nilimtembelea mwezi uliopita: rafu mpaka darini, kila moja na kibao chake. Alinyoosha mkono bila kuangalia, akashusha dawa ya mteja.

"Nani alikufundisha kupanga hivyo?" nilimwuliza.

"Usibadilishe mada, Kasuku. Bado nakudai radhi yangu. Siku thelathini na nane."

Kila tunapokutana ananikumbusha, na kila mara nampa jibu lilelile. Kikombe kile kilikuwa cha uongo, nami ndiye niliyekivunja. Siombi radhi.